Barua ya Likizo Bila Malipo Ikikufikia: Mwongozo kwa Mfanyakazi wa Shirika la Ndege Anayeishi Dodoma

Aprili 2020 nilikuwa kaunta ya abiria, uwanja wa ndege wa Dodoma. Serikali ilikuwa imesitisha ndege za abiria za kimataifa, na zisingeruhusiwa tena hadi Mei 18. Sisi wa safari za ndani tuliendelea kuruka, ila siku hiyo ndege ya asubuhi ilishuka na watu 9 na ya jioni ikaghairiwa. Meneja wa kituo akatuita mmoja mmoja. Nilitoka na bahasha mkononi: likizo bila malipo, miezi 3.

Kesho yake niliamka saa 10 alfajiri kama siku zote, nikavaa sare, nikaning'iniza kitambulisho shingoni, nikamuaga mume wangu. Nikaenda kukaa Nyerere Square mpaka saa 8 mchana. Nilifanya hivyo siku 9. Siku ya 10 mtoto akaugua, ikatakiwa hela ambayo sikuwa nayo, na ukweli ukatoka kwa njia mbaya kuliko zote.

Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotamani mtu anikalishe chini aniambie jioni ile ya bahasha. Nimeyaandika kwa ajili ya mhudumu wa kaunta, wa mizigo, wa ndani ya ndege, fundi na rubani ambaye familia yake iko Dodoma na mshahara wake umesimama.

Kwanza ujue kwamba hili halikukupata kwa sababu ya uzembe wako. Ndege ikiegeshwa bado inadaiwa: kodi yake, bima, maegesho, matengenezo ya lazima. Kinachopungua zaidi ni mafuta. Gharama ambayo shirika linaweza kuisimamisha ndani ya wiki moja ni mishahara. Ndiyo maana mwaka 2009, uchumi wa dunia ulipoyumba, British Airways iliwaomba wafanyakazi wake wakubali likizo bila malipo au hata kufanya kazi bila kulipwa kwa muda. Februari 2020 Cathay Pacific iliwaomba wafanyakazi wake wote, kama 27,000, wachukue wiki 3 bila malipo. Mwaka huo safari za abiria duniani zilishuka kwa karibu asilimia 66 ukilinganisha na 2019. Na si lazima liwe gonjwa. Mwaka 2022 ndege za Airbus A220 za mashirika kadhaa, Air Tanzania likiwemo, zilisimama kwa tatizo la injini. Julai 2024 treni ya reli mpya, SGR, ilipofika Dodoma, abiria wa Dar es Salaam waliokuwa wetu wakapata njia nyingine. Sababu zinabadilika, lakini bahasha inayokuja ni ileile.

Hatua ya 1: Isome barua mara 3, na usikubali masharti siku hiyohiyo

Utaitwa jioni, umechoka, na kalamu imeshawekwa mezani. Omba uende nayo nyumbani. Ukilazimishwa kusaini palepale, andika "Nimepokea", weka tarehe, ndipo usaini. Kupokea barua ni jambo moja, kukubali yaliyomo ni jambo jingine, na neno hilo moja linaweza kukufaa sana baadaye.

Ukifika nyumbani chukua karatasi, utafute majibu haya ndani ya barua. Lisilo na jibu uliulize kwa maandishi, hata kwa baruapepe fupi:

- Likizo inaanza lini na inaisha tarehe gani? Nani anaweza kuirefusha, na atakuarifu siku ngapi kabla?
- Siku zako za likizo ya mwaka ambazo hujachukua zinakwenda wapi?
- Miaka yako ya utumishi inaendelea kuhesabiwa?
- Bima ya afya italipwa na nani?
- Unaruhusiwa kufanya kazi nyingine katika kipindi hiki?

Swali la pili watu wengi hulipita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka zenye malipo. Kama una siku 20 ambazo hujazichukua, omba zitangulie, ndipo hiyo isiyo na malipo ianze. Mwenzangu mmoja wa mizigo aliomba hivyo, akapata karibu mwezi mzima wa mshahara wakati sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kukopa. Mimi sikuomba kwa sababu sikujua, na hakuna aliyenikumbusha.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 15, inasema masharti ya ajira yaliyoandikwa yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, ayarekebishe, na amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Kushauriana maana yake una nafasi ya kusema. Pendekezeni njia nyingine: zamu za nusu mwezi, mshahara wa nusu kwa wote, au kupokezana mwezi mmoja mmoja. Mkiwa wanachama wa COTWU, chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, mpelekeeni kiongozi wa tawi nakala ya barua kabla siku haijaisha. Sauti ya watu 30 husikika tofauti na ya mmoja aliyesimama mlangoni kwa meneja.

Kama shirika limekataa kabisa kusikiliza, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na Dodoma wana ofisi. Shika namba mbili: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Siku hizo zinakwenda hata wewe ukiwa kitandani unawaza.

Kuna jambo moja nakusihi kwa moyo wote: usiandike barua ya kuacha kazi. Utasikia, "Heri nijiondoe kwa heshima yangu." Heshima hiyo itakugharimu kiinua mgongo chako, na fao la kukosa ajira pia. Nitaeleza mbele kwa nini.

Hatua ya 2: Sema nyumbani usiku huohuo

Nimeshakueleza siku zangu 9 za Nyerere Square. Niongeze hapa kile kilichoniuma zaidi. Mume wangu hakukasirika kwa sababu ya mshahara. Alikasirika kwa sababu katika siku zile 9 alikuwa ametoa ahadi ya mchango wa harusi ya mdogo wake akiamini mwisho wa mwezi unakuja. Ukificha, wenzako wa nyumbani wanaendelea kutumia hela ambayo haipo.

Kwa hiyo sema. Mwite mwenzi wako pembeni watoto wakishalala, mpe barua aisome mwenyewe. Usianze na "usijali". Anza na tarehe: "Kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani sina mshahara." Watoto wakubwa nao waambieni kwa maneno mafupi, kwa sababu watakuona nyumbani asubuhi na watatunga majibu yao.

Wazazi kijijini ni mtihani mwingine. Sisi tuliovaa sare na kuonekana kwenye ndege tunahesabiwa kuwa na hela. Mimi nilimpigia mama yangu Manyoni, nikamwambia, "Mama, ndege zimesimama, na mimi nimesimamishwa nazo. Ile ya kila mwezi sitaweza kutuma mpaka nirudi." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Mnakula?" Nikasema tunakula. Wiki iliyofuata likaja debe la unga wa uwele na karanga kwa basi la Singida. Nilikuwa nimeogopa simu ile kuliko nilivyoogopa benki.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya hela uliyokuwa unaishi nayo kweli

Hapa ndipo wa ndege tunapojidanganya. Mshahara wa msingi ni sehemu tu. Tunaishi na posho: ya safari, ya kulala nje, ya zamu ya usiku, saa za ziada. Chukua mfano wa mtu mwenye msingi wa shilingi 800,000 na posho za wastani wa 350,000. Nyumba yake inaendeshwa kwa 1,150,000, lakini kichwani mwake anajiita mtu wa laki 8. Akikata matumizi kwa hesabu ya laki 8, kila mwezi atakosa 350,000 asijue zimepotelea wapi.

Chukua miamala ya simu na taarifa ya benki ya miezi 3 iliyopita, uandike kila kilichotoka. Kisha gawa akiba yako, isigawanywe kwa miezi iliyo kwenye barua bali kwa miezi hiyo na nusu yake zaidi. Barua ya miezi 3 inakuwa miezi 4 na nusu, kwa hiyo gawa kwa 5. Yangu ya miezi 3 ilirefushwa mara mbili, mwezi mmoja mmoja, na kila mara taarifa ilikuja siku 4 kabla.

Kodi ya nyumba ndiyo kubwa. Wenye nyumba wengi wa Dodoma wanataka miezi 3 au 6 kwa mkupuo, na mkupuo wako unaweza kuangukia katikati ya likizo. Usisubiri tarehe hiyo. Mimi nilikwenda kwa mama mwenye nyumba yangu, mtaani Nkuhungu, wiki 5 kabla ya kodi kuisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mchana huu, leo huendi uwanjani?"

Nikampa barua. Hakuwa na miwani, nikamsomea. Nikamwambia siwezi kulipa miezi 6, naomba nilipe mwezi kwa mwezi mpaka nitakapoitwa, na mwezi nisioweza kutimiza nitamwambia kabla. Akawaza. Akasema, "Mwezi kwa mwezi sawa. Lakini tuandike, na mjumbe aweke sahihi yake, maana wanangu wakija watauliza." Tukaandika. Karatasi ile ilinilinda mimi na ikamlinda yeye. Mwenye nyumba naye ana watoto na madeni, kwa hiyo mpelekee pendekezo, usimpelekee machozi peke yake.

Ada ya shule nenda kaiongee na mwalimu mkuu mwenyewe, uombe awamu. Kama mtoto yuko shule ya binafsi na hali inaonyesha itachukua mwaka, fikirieni kumhamishia shule ya serikali Januari au Julai, mwanzo wa muhula, kuliko kumtoa katikati kwa aibu ya kurudishwa nyumbani. Shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada tangu 2016, japo sare, daftari na michango midogo vipo.

Chakula kifuate majira ya hapa kwetu. Mavuno ya Kanda ya Kati ni kuanzia Mei hadi Julai. Kama una chochote mkononi kipindi hicho, kanunue gunia la mahindi Kibaigwa au gunia la mtama vijijini, ulihifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa. Januari bei huwa nyingine kabisa. Mlenda, karanga na ugali wa uwele ni chakula kamili, na wageni wa Dodoma wanaovikwepa wanatumia hela nyingi bila sababu.

Hatua ya 4: Ifuate benki kabla benki haijakufuata

Mkopo wa mshahara hukatwa kabla hela haijafika kwako. Mshahara ukisimama makato yanasimama, deni halisimami. Nenda tawini kabla ya tarehe ya kwanza ya kukosa rejesho, ukiwa na nakala ya barua na ombi la maandishi: unaomba marejesho yasimame kwa miezi fulani, au muda wa mkopo uongezwe ili rejesho lipungue. Uliza riba ya miezi hiyo itahesabiwaje, na wakujibu kwa maandishi. Mei 2020 Benki Kuu ilizilegezea benki masharti ili ziweze kuwapangia upya marejesho wakopaji walioathirika na corona. Unafuu wa jumla kama huo haupo kila mwaka, lakini mazungumzo ya mteja na tawi lake yapo siku zote, na anayekwenda mapema husikilizwa tofauti na aliyetafutwa.

Kikoba nacho ni hivyohivyo. Simama kwenye kikao, useme hali yako, uombe kupunguza hisa za kila wiki badala ya kujitoa. Wanakikoba wengi wamepitia makubwa kuliko haya.

Sasa kuhusu kausha damu, yaani wakopeshaji wa mtaani. Watakuja kwa sauti laini, wengine ni majirani. Wanakupa 200,000 leo, unarudisha kidogo kila siku, wanashika kadi yako ya benki na namba ya siri. Siku mshahara wa kwanza unaporudi wao ndio wanaoutoa. Mikopo ya kwenye simu ni ndugu yao: ukichelewa wanawatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Uza televisheni au seti ya makochi kabla hujaingia huko. Nasema hivi kwa sababu nimemwona mtu aliyerudi kazini, akafanya kazi mwaka mzima, na mwaka wote ule mshahara wake haukuwa wake.

Hatua ya 5: Bima na mfuko wa jamii

Bima ya afya inayolipwa kwa makato ya mshahara inaweza kukoma michango ikikoma. Uliza tarehe ya mwisho, na kabla ya siku hiyo maliza yaliyo wazi: jino, miwani, kliniki ya mama mjamzito, dawa za presha za miezi inayoruhusiwa.

Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi. Linamhusu aliyeachishwa, si aliyeacha mwenyewe. Wewe uliye likizo bado ni mwajiriwa, kwa hiyo usiende kupanga foleni huko sasa. Lakini kachukue taarifa ya michango yako, uhakikishe mwajiri alikuwa anapeleka miezi yote aliyokukata. Kasoro ukiigundua leo, bado una mwajiri wa kumuuliza.

Hatua ya 6: Usiache leseni na vyeti vife

Mshahara unasimama, lakini saa ya leseni inaendelea. Rubani anatakiwa awe amepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 kabla ya kubeba abiria tena. Fundi mwenye leseni anatakiwa awe na angalau miezi 6 ya kazi katika miezi 24 iliyopita. Mhudumu wa ndani ya ndege ana mafunzo ya marejeo ya kila mwaka, na sisi wa kaunta na mizigo tuna cheti cha bidhaa hatarishi cha miezi 24. Cheti cha afya cha rubani nacho kina tarehe yake.

Andika tarehe hizo zote kwenye karatasi moja, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Kisha mwandikie mwajiri: cheti fulani kinaisha tarehe fulani, nani atagharimia marejeo? Shirika linapofufuka huwaita kwanza wale wanaoweza kuingia kwenye rosta kesho asubuhi. Aliye na vyeti vilivyo hai anamtangulia mwenzake mwenye miaka mingi ambaye lazima aende darasani kwanza. Nimeliona hili kwa macho, na liliwauma wazee wetu wa kituo.

Pia soma. Taratibu za kazi hubadilika wakati wa misukosuko kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 2020 tuliorudi tulikuta fomu mpya, umbali mpya kwenye foleni, barakoa, vipimo. Nilikuwa nimeomba waraka kila ulipotoka, na siku ya kwanza sikusimama kaunta kama mgeni.

Kitambulisho cha uwanja, kama kimetakiwa, kirudishe upewe risiti. Usikitumie kuingia mahali ambapo hukupangiwa zamu. Na tiketi za punguzo za wafanyakazi usimuuzie mtu, hata akija na shida gani. Kishawishi huwa kikubwa mfuko ukiwa mtupu, na hilo ndilo kosa linaloigeuza likizo kuwa kufukuzwa bila mjadala.

Hatua ya 7: Tafuta hela kwa kalenda ya Dodoma

Hapa nitakaa zaidi, maana mitaji mingi ya wenzangu imezikwa hapa.

Kwanza ruhusa. Kama mkataba unakataza kazi nyingine, omba kibali kwa maandishi. Wengi wanapewa.

Kisha jiulize nini unakijua tayari. Wewe umefundishwa kumpokea mtu aliyekasirika, aliyechelewa, mwenye mizigo iliyozidi, ukaongea naye kwa utulivu mpaka akaondoka ameridhika. Dodoma inauhitaji ujuzi huo kuliko unavyodhani, lakini kwa msimu. Msimu mkubwa ni Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni. Kipindi hicho nyumba za wageni za Area D, Kisasa na Ilazo hujaa, na wenyewe huhangaika kupata mtu wa mapokezi anayejua kuandika nafasi, kujibu simu kwa Kiingereza na kufunga hesabu za siku. Nenda mwezi mmoja kabla. Bunge likiahirishwa mji hupoa, kwa hiyo usikodi fremu Julai ukidhani wateja wa Mei bado wapo.

Semina na mikutano ipo karibu mwaka mzima. Waandaaji huhitaji watu wa kuandikisha washiriki, kuwapokea uwanjani au stesheni ya SGR, kuwapanga kwenye magari. Malipo ni ya siku. Wenzangu wawili waliunda kundi la watu 6, wote wa kaunta, wakawa wanaitwa kama timu. Mafundi wetu nao walipata: umeme wa majumbani, majokofu, jenereta. Fundi aliyezoea kuandika kila anachokifungua na kila anachokifunga huaminiwa haraka sana.

Kukata tiketi ni njia nyingine. Wakala wa usafiri anayefahamika anaweza kukuchukua kwa kamisheni, maana mifumo unaijua. Hakikisha tu kazi hiyo haigongani na mkataba wako.

Chakula cha mchana kwa ofisi za serikali za Mtumba ni biashara halisi, ila ihesabu nauli. Mtumba ni mbali na katikati ya mji, na bodaboda ya kila siku inaweza kula faida yote. Anayefanikiwa ni yule aliyepata oda 15 au 20 katika jengo moja, si oda 3 hapa na 4 kule.

Zabibu: kununua na kuuza, ndiyo. Kupanda, hapana. Mzabibu mpya hautakulisha kwenye likizo ya miezi 3 wala ya mwaka. Lakini mavuno yakiiva, na Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, unaweza kwenda Hombolo, Mpunguzi au Makutupora alfajiri, ukanunua kwa mkulima, ukauza mjini siku hiyohiyo. Neno ni siku hiyohiyo. Zabibu ya jana imeshalegea na mteja anaiona. Mimi niliuza kwa wiki 6, ndoo mbili kwa siku. Jumamosi moja nilipeleka Mnada wa Msalato, zikaisha kabla ya saa 9, kwa sababu watu waliokuja kula nyama walitaka kitu cha kubeba nyumbani kwa watoto.

Kilimo cha mvua usikifikirie kama barua imekuja Mei. Mvua zetu ni za msimu mmoja, mwisho wa Novemba hadi Aprili, na zenyewe ni chache. Ukikodi shamba Juni umelipia vumbi.

Na kuku wa nyama. Karibu kila mtu aliyepewa likizo kituoni kwetu alinunua vifaranga. Chakula cha kuku ndicho kinachokula mtaji, ugonjwa wa mdondo unaingia usiku mmoja kama hukuchanja, na kuku wakifika wiki ya 5 kila siku unayochelewa kuwauza ni hasara. Tulikuwa watu 7 tunauza kuku kwa majirani walewale wakati Bunge limeshaondoka. Kama unataka kuku, pata mnunuzi kwanza, mwenye jina na idadi, ndipo ununue vifaranga.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, haina riba, lakini ni ya vikundi na ina hatua zake. Anza mapema ukiiona likizo ni ndefu. Usiitegemee kwa kodi ya mwezi ujao.

Mtaji wa kwanza wa lolote kati ya haya usizidi robo ya akiba yako. Nikiulizwa kwa nini robo, nitajibu kwamba niliweka nusu kwenye kuku.

Hatua ya 8: Punguza uvumi

Kundi la simu la wafanyakazi litawaka usiku na mchana: "Wanauza ndege." "Wameajiri wengine Dar." Chagueni mtu mmoja mnayemwamini awe anauliza ofisini kila Ijumaa na kuleta jibu moja. Katikati ya wiki, lala. Mwili wa mtu wa zamu ukikosa ratiba huharibika haraka: unaamka saa 10 alfajiri bila sababu, unalala mchana, unaanza kuwagombeza watoto. Mimi niliponea kwenye mazoezi ya kwaya ya jioni na kutembea Nkuhungu hadi mjini kila asubuhi. Ukimwona mwenzako hapokei simu siku 3, nenda kwake. Usitume ujumbe, nenda.

Hatua ya 9: Ukiitwa, na usipoitwa

Ukiitwa, omba barua ya kurudi inayosema mshahara ni uleule, cheo kilekile, na utumishi haukukatika. Kama wamepunguza mshahara, hilo ni badiliko jipya la masharti, na kifungu cha 15 kinarudi mezani.

Usipoitwa, likizo inaweza kugeuka kuwa kupunguzwa kazi. Kifungu cha 38 cha sheria ileile kinamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, ashauriane kuhusu njia za kuepuka, namna ya kuchagua wa kuondoka, na malipo. Dai haya: notisi ya siku 28 au malipo yake kama unalipwa kwa mwezi, malipo ya likizo ambayo hukuchukua, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Aliyetumikia miaka 7 ana siku 49. Aliyejiondoa "kwa heshima" hana hata moja. Ndipo sasa uende NSSF na barua yako ya kuachishwa, na kama hukutendewa haki, ndipo zile siku 30 za CMA zinaanza.

Mimi niliitwa Septemba. Hati ya malipo ya kwanza niliikagua mstari kwa mstari, nikakuta mchango wa mfuko haujapelekwa na posho ya zamu imesahaulika, nikaandika siku hiyohiyo, na ikarekebishwa mwezi uliofuata. Mshahara ule niliugawa kwa mpangilio huu: benki, mama mwenye nyumba, kikoba, kisha mchango wa harusi ambao mume wangu alikuwa ameuahidi. Mwezi wa pili ndipo nilipomtumia mama yangu Manyoni, na nikalirudisha debe lake likiwa na sukari na sabuni ndani.